KIKLIPU KIMOJA KILITAKA KUTUTOA ROHO

 

Leo nataka kujibu swali lililoulizwa na vijana wengi, hasa wale waliojipatia pikipiki za vumbi, zile za kuruka vilima na kuchimba mchanga. Wanauliza: "Kaka, pikipiki yangu nikiivuta mafuta nusu inakohoa, nibadili sindano ya kabureta? Na nikibadili, nichukue ipi?"

Swali zuri sana, tena limenigusa pabaya. Mficha uchi hazai, kwa hiyo kabla sijajifanya mtaalamu ngoja niwape kisa changu mwenyewe. Mkimaliza kunicheka ndipo tuingie darasani.

MCHANGA WA KIGAMBONI

Mshikaji wangu mmoja, jina kapuni, alinunua Yamaha YZ250 kutoka kwa jamaa wa Arusha. Kwa wasioijua, hiyo ni pikipiki ya mashindano, tu-stroki, yaani ile ambayo oili unaichanganya na petroli humohumo kwenye tanki. Haina taa wala honi, na kazi yake ni kuruka tu. Jamaa alijinyima miaka miwili kwa ajili ya chombo kile, mpaka shemeji yenu wa pale kwake akawa ananuna kila akiona bahasha ya akiba.

Kule Arusha mashine ilikuwa bab'kubwa. Ikaletwa Dar kwa lori. Ilipofika tukaiwasha, ikaitika mara moja, lakini ukivuta mafuta mpaka nusu ilikuwa kama inasita, inashtuka, halafu ndiyo inaondoka.

Hapo ndipo mjuaji mimi nikaingia. Nilikuwa nimewahi kusikia kijiweni kwamba pikipiki ikisita katikati, dawa yake ni kuipandisha sindano. Nikafungua kabureta, nikatoa sindano, nikaona juu yake kuna mikato midogo mitano na kiklipu kimekaa kwenye mkato wa pili. Nikajiambia, kupandisha si ni kwenda juu? Nikakihamishia kiklipu kwenye mkato wa juu kabisa. Nikafunga kila kitu, nikajifuta mikono, nikamwambia mshikaji, "Hiyo sasa ni ndege."

Jumapili tukaipakia kwenye pikapu mpaka mchanga wa Kigamboni. Mshikaji akapanda. Mwanzo mambo yalikuwa mazuri, tena sauti ilikuwa kali na tamu kuliko zote nilizowahi kuzisikia. Nikawa nacheka peke yangu. Alipita mbele yangu mara ya tatu akiwa ameishikilia mafuta nusu, gia ya nne, mchanga unaruka nyuma. Halafu sauti ikakatika ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo. Gurudumu la nyuma likakaza palepale, na jamaa akaruka mbele ya hendeli.

Kwa sekunde chache hakuna kilichosikika isipokuwa mawimbi. Nilipomfikia alikuwa macho wazi anatafuta pumzi, mkono mmoja umelegea. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika. Kofia ngumu ndiyo iliyookoa kichwa. Angekuwa barabarani, na daladala inakuja nyuma, leo ningekuwa naandika mambo mengine kabisa.

"NANI ALIIGUSA SINDANO?"

Siku chache baadaye, mshikaji mkono ukiwa umefungwa kitambaa shingoni, tukaipeleka ile mashine gereji kwa mzee mmoja wa Gerezani ambaye ameshika spana tangu sisi hatujazaliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Imenoki?"

"Imenoki, mzee."

Akafungua plagi. Ilikuwa nyeupe kama chaki. Akatoa silinda, na pistoni ilikuwa imechanwachanwa upande wa ekzosi kama iliyopitishwa kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Hakusema kitu. Akageukia kabureta, akachomoa sindano, akaiinua kwenye mwanga wa mlango, akakitazama kile kiklipu changu pale juu kabisa.

"Nani aliigusa sindano?"

Nikaangalia viatu vyangu. Nilitaka kusema, ulimi ukawa mzito. Mshikaji, na mtulinga wake uliovunjika, akadakia, "Sisi sote mzee. Hatukujua."

Sijawahi kuona aibu kama ile. Lakini yule mzee hakugomba. Alichukua penseli iliyokuwa sikioni mwake, akatufundisha kwa dakika kumi jambo ambalo ningelijua wiki moja kabla, tusingefika pale.

PENSELI YA MZEE

Jaribu na wewe hapohapo ulipo. Shika penseli kwa vidole viwili, ncha ikitazama chini, na mkono usiusogeze. Ukiishika karibu na juu, ncha inaning'inia chini sana. Ukiishika karibu na ncha, penseli nzima imepanda juu ya vidole. Vidole ndivyo klipu, penseli ndiyo sindano.

Maana yake, klipu ikienda JUU, sindano inashuka. Klipu ikienda CHINI, sindano inapanda. Mimi nilifanya kinyume, ndugu zangu. Nilidhani naipandisha, kumbe naizamisha.

Na sindano inafanya nini? Ni kizibo. Imeshikiliwa na slaidi, ile inayopanda ukivuta mkono wa mafuta, na ncha yake imeingia kwenye kitundu ambacho petroli inapitia. Kwa kuwa imechongoka, kadiri inavyopanda ndivyo nafasi inavyokuwa kubwa na mafuta yanavyopita mengi. Kwa hiyo ikae kichwani: klipu chini, sindano juu, mafuta zaidi. Klipu juu, sindano chini, mafuta kidogo.

Tu-stroki ikipata mafuta kidogo na hewa nyingi ina njaa, na njaa yake ni mbaya kuliko ya injini nyingine. Kwanza inachemka kupita kiasi. Pili, oili ya kulainisha pistoni inakuja ndani ya petroli hiyohiyo, kwa hiyo ukibana petroli umebana na oili. Pistoni inavimba kwa joto, kilainishi hakitoshi, mwisho inang'ang'ania silinda. Ile sauti kali na tamu niliyoichekea pale Kigamboni ilikuwa kilio cha njaa.

KWA NINI ARUSHA ILIKUWA SAWA?

Hapa ndipo wengi tunapochemsha. Arusha iko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya kule ni nyepesi, pungufu kwa kama asilimia 13 ukilinganisha na ya pwani. Pikipiki iliyopangwa pwani ukiipeleka kule inapata mafuta mengi kwa hewa iliyopo. Inavimbiwa, inatoa moshi, inalowesha plagi. Ndiyo maana yule jamaa aliyetuuzia alikuwa amepunguza mafuta, na kwa mazingira yake alikuwa sahihi kabisa.

Sisi tukaiteremsha mpaka Dar, hewa ikawa nzito, mafuta yakabaki yaleyale ya mlimani. Joto la Dar linaifanya hewa iwe nyepesi kidogo, lakini halifuti tofauti yote. Kwa hiyo mashine ilifika na njaa, ndiyo maana ilisita, halafu mimi nikainyang'anya hata kile kidogo ilichokuwa nacho.

Kwa hiyo wale mnaohamisha pikipiki kutoka Arusha, Mbeya, Lushoto au Nairobi kuja pwani, ongezeni mafuta KABLA ya kuipiga mbio. Wanaopanda milimani wana nafuu. Kwao mashine itakohoa na kutoa moshi, lakini haitakufa ghafla.

MKONO WA MAFUTA UNASEMA UKWELI

Sasa turudi kwenye swali lenu. Kabla ya kununua sindano lazima ujue kama kosa ni la sindano kweli. Kabureta ina sehemu nyingi na kila moja ina zamu yake.

Chukua gundi ya karatasi, bandika kipande kwenye mkono wa mafuta na kingine pembeni yake pasipozunguka. Weka alama ya kufunga, robo, nusu, robo tatu na mwisho. Halafu endesha injini ikiwa imepata moto sawasawa, mahali pasipo na watu wala magari, uangalie tatizo linatokea kwenye alama ipi.

Kuanzia silensa, yaani imewashwa hujagusa mafuta, mpaka karibu na robo, mwenye kauli kubwa ni jeti ndogo na skrubu yake. Kuanzia robo tatu mpaka mwisho, mwenye kauli ni jeti kubwa. Hapo katikati, robo mpaka robo tatu, ndipo sindano inapotawala. Na hapo katikati ndipo tunapoishi. Ni dereva gani anaweza kufungua mafuta yote muda wote kwenye matope au mchanga? Ndiyo maana mtu anabadili jeti kubwa mara tano bila kuona nafuu. Anatibu mguu wakati kinachouma ni tumbo.

Dalili za kuvimbiwa: inagugumia kama imezibwa pua, moshi mwingi, plagi nyeusi na mbichi. Dalili za njaa: inasita ukivuta, inapoteza nguvu ikipata moto, inagonga kama kokoto kwenye kopo, sauti inakuwa kali, plagi inakuwa nyeupe. Ukiona hizi za njaa, funga mafuta, shika klachi, simama. Usiseme "nimalizie raundi hii."

KLIPU KWANZA, DUKA BAADAYE

Kabla hujagusa kitu, hakikisha filta ya hewa ni safi, petroli si ya mwaka jana, na hakuna hewa inayoingia kwa wizi kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini. Mpira uliopasuka unaleta njaa ambayo hakuna sindano itakayoiponya.

Halafu itazame sindano ya zamani. Ikiwa na sehemu iliyolika na kung'aa upande mmoja, au kitundu inachoingia kimekuwa kama yai badala ya duara, basi mafuta yanapita zaidi ya yanavyotakiwa. Badili vyote viwili, usibadili kimoja.

Kama viko salama, panga silensa, panga jeti kubwa kwa mafuta yote, sindano iwe ya mwisho. Anza na klipu iliposemwa na kitabu cha pikipiki yako. Ukiwa na wasiwasi, anzia upande wa kushiba, halafu rudi mkato mmoja mmoja mpaka kugugumia kuishe. Iliyoshiba itakulalamikia, yenye njaa itakutupa mchangani. Mkato mmoja tu kwa mara moja, na mkato ni kama milimita moja, usiudharau. Na usibadili vitu viwili siku moja, maana hutajua kilichoponya ni kipi. Weka daftari uandike.

Ikiwa mkato mmoja ni mkubwa mno, kuna washa ndogo nyembamba inayowekwa chini ya klipu, inainua sindano kwa kama nusu ya mkato. Hata sindano ambazo hazina mikato zinainuliwa kwa njia hiyo.

SASA, SINDANO IPI?

Ukifika mkato wa mwisho juu au chini na bado haikai sawa, sasa ndiyo ununue nyingine. Kuna mambo mawili makubwa ya kuchagua.

La kwanza ni UNENE. Sehemu ya juu ya sindano haijachongoka, imenyooka kama msumari. Hiyo ndiyo inayoamua mafuta pale unapoanza kufungua, chini ya robo hivi. Na hapa klipu haikusaidii sana, kwa sababu kitu kilichonyooka ukikipandisha au kukishusha nafasi pembeni yake haibadiliki. Tatizo likiwa hapo peke yake, huku nusu iko safi, tafuta sindano ya unene tofauti: nyembamba kwa mafuta zaidi, nene kwa mafuta kidogo.

La pili ni MCHONGOKO. Hii ni kwa yule ambaye robo iko safi lakini akikaribia robo tatu hali inageuka. Sindano inayochongoka kwa kasi inaongeza mafuta haraka unavyofungua, na inayochongoka taratibu inaongeza polepole.

Kusoma namba za kwenye sindano si uchawi. Kwa Mikuni, mfano 5DP7: namba ya kwanza ni urefu, 5 maana yake kati ya milimita 50 na 60. Herufi ni mchongoko. A ni dakika 15 za nyuzi, na kila herufi inayofuata inaongeza 15, kwa hiyo D ni nyuzi 1 na P ni nyuzi 4. Herufi mbili maana yake inachongoka mara mbili, kwanza taratibu halafu kwa kasi kuelekea ncha. Namba ya mwisho ni ya kiwanda. Ukiona imeandikwa 5DP7-3 kwenye kitabu, hiyo 3 ni mkato wa klipu, unahesabu kutoka juu.

Kwa Keihin, zile za N1EF, N1EG, N1EH na ndugu zake, herufi ya mwisho ndiyo unene. Kutoka F kwenda G sindano inanenepa kwa milimita 0.01, mafuta yanapungua. Unywele wa kichwani kwako ni mnene mara kadhaa kuliko tofauti hiyo, lakini injini inaijua. Kwa hiyo usichukue sindano kwa sababu "inafanana." Muuza spea akikwambia "hizi zote moja," mshukuru, toka, jaribu duka la pili.

Na msidanganyane kwamba ukiongeza oili kwenye petroli unaikinga injini yenye njaa. Oili inachukua nafasi ya petroli kwenye kitundu kilekile, kwa hiyo petroli inapungua na njaa inazidi. Fuata kipimo cha kitabu chako. Mfano kipimo cha 32 kwa 1, lita 5 za petroli zinataka oili kama mililita 156. Pima kwa chupa yenye alama. Habari za "kifuniko kimoja na nusu" acheni.

Wenye bodaboda za fo-stroki nanyi msijione mko salama. Oili yenu iko peke yake kwenye injini, hivyo hamnoki kirahisi, lakini njaa inaunguza valvu na inachosha pistoni. Somo la penseli ni lilelile. Wenye pikipiki za kompyuta, kama KTM za tu-stroki za modeli ya 2018 na kuendelea zenye kupuliza mafuta, hamna sindano ya kuhangaika nayo. Ila YZ250 imeendelea na kabureta yake ya Keihin miaka yote hiyo, na za mitumba zilizopo mtaani karibu zote ni kabureta. Kwa hiyo bado tupo sana.

ILIISHAJE?

Mtulinga uliunga. Silinda yule mzee aliiokoa, pistoni tukanunua mpya kwa mshiko wangu, na nililipa bila kusukumwa. Klipu tukaiweka mkato wa nne kutoka juu, yaani upande wa kushiba. Ikagugumia kidogo, tukairudisha wa tatu, ikatulia. Mzee alikuwa amesimama pembeni mikono nyuma, hakusema neno, akatikisa kichwa tu kwamba sawa.

Siku hiyo ndipo nikamwambia mshikaji ukweli kwamba ni mimi niliyeigusa sindano peke yangu, na kwamba pale gereji nilinyamaza kwa woga. Akasema, "Nilikuwa nakutazama unavyoifungua, bwana. Ningeweza kukuuliza. Nami nilijifanya najua." Basi, ikaishia hapo.

Kwa hiyo vijana, kuuliza si ujinga. Ukiwa na bisibisi mkononi na huna uhakika klipu iende juu au chini, tafuta penseli. Na rafiki yako akikwambia "hiyo sasa ni ndege," mwambie apande yeye kwanza.

Kwa leo tuishie hapo. Wiki ijayo panapo majaliwa tutaongelea plagi, kwa nini namba yake ina maana kubwa kuliko bei yake. Endesheni kwa adabu, na kofia ngumu kichwani, siyo kwenye kiwiko. Alamsiki!